Kabla hujaenda mkutanoni na furu wako

Capri Point, Mwanza

Kulwa rafiki yangu,

Mwangaluka! Nimesoma rasimu ya bango unalopeleka kwenye mkutano wa watafiti wa bustani za wanyama, lile la kuuliza kama mawe ndani ya tangi huwatuliza furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, na kuna jambo haliwezi kungoja. Umeandika kwamba umechunguza samaki 72. Hapana, ndugu yangu. Umechunguza matangi 6.

Furu dume anayetawala unamjua: rangi zinawaka, ameshika kona yake, anafukuza wenzake mchana kutwa. Akiwa mkali, wale 11 waliobaki hujibanza. Tabia ya mmoja imeshaamua ya wenzake, basi usiwahesabu kama mashahidi 12. Tafuta wastani wa kila tangi, kisha ulinganishe tangi na lenyewe, likiwa na mawe na likiwa halina. Watafiti wa bustani za wanyama wanaishi na tatizo hili kila siku, maana mara nyingi wana simba wawili tu wa kuchunguza. Watakuuliza hilo kabla ya lingine lolote.

Halafu mawe uliyatia matangi yote wiki ya pili. Sasa nani ajue kama samaki wametulizwa na mawe au wamelizoea tangi? Muda bado upo, rudia: matangi 3 yaanze na mawe, 3 bila, kisha ubadilishe. Kaa kimya dakika 10 kwanza, kwa sababu furu wakiona mtu hudhani chakula kimefika. Baada ya hapo, kila dakika 2 kwa nusu saa, hesabu wangapi wanafukuzana, wangapi wamejificha, wangapi wanadonoa chakula. Iwe saa ileile kila siku, mbali na muda wa kulisha. Jike mwenye kidevu kilichotuna mpe safu yake: amebeba mayai mdomoni, hali au anakula kidogo sana. Ukimchanganya na wengine utaishia kusema mawe yanaua hamu ya kula.

Bango liwe A0, sentimita 84.1 kwa 118.9. Mpe mchapaji PDF ya kipimo hicho, si picha ya WhatsApp, maana hubanwa na herufi zikafifia. Grafu moja kubwa inatosha: nukta 6 kila upande, kila tangi na mstari wake.

Jina la furu peke yake halitoshi. Sangara waliletwa ziwani miaka ya 1950, na miaka ya 1980 furu wa aina nyingi wakatoweka. Baadhi ya aina zimehifadhiwa kwenye matangi ya Ulaya na Marekani. Kwa hiyo utakutana na watu wanaowajua. Andika jina la kisayansi, walikovuliwa, kwenye mawe au kwenye matope, na tarehe.

Nitumie daftari la wiki ya kwanza kabla hujaanza kurudia. Tangi la nne lina namba ambazo nataka tuzitazame pamoja. Msalimie Doto.

Rafiki yako,
Mbuke