Lenzi Moja Nzuri, Kamera Nne: Kwa Nini Tunapima Kwanza Ndio Tukupatie

Ilikuwa Jumatatu asubuhi hata hatujamaliza kupiga deki, kijana mmoja mteja wetu wa siku nyingi akaingia na ile lenzi yetu ya 85mm f/1.8, akaiweka kwa kaunta polepole kama mtu anashusha trei ya mayai. "Boss, hii lenzi imeharibika. Nimepiga harusi nzima huko Njoro na macho ya bibi harusi hayajakaa, lakini hereni unaziona mpaka ile kulabu yake."

Nikamuuliza, umepiga na bodi gani (bodi ni kamera yenyewe bila lenzi)? Akasema ya binamu yake, kwa sababu yake ilikataa kuchaji Ijumaa usiku.

Nikachukua ile lenzi nikaifunga kwa bodi ya studio, nikapiga kalenda iko ukutani, nikavuta picha kwa skrini, herufi zote zimekaa kabisa mpaka zile ndogo za chini. Nikaitoa, nikaifunga kwa bodi ya binamu, kalenda ile ile, umbali ule ule, na hapo ukungu. Lenzi haina shida. Hiyo bodi pia haina shida, ukiiwekea lenzi yake ndogo ya 18-55 inapiga vizuri tu. Shida ni hizo mbili hazijapatanishwa.

Nimeamua niandike hii kitu vizuri kwa sababu tangu tuanze huduma yetu hapa Nakuru, ya lenzi chache za maana zinazotumiwa na wapiga picha wengi, hilo ndilo lalamiko namba moja, na kusema ukweli mwanzoni kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tunapeana lenzi vile jirani anakopesha jembe, chukua, rudisha jioni. Lenzi si jembe.

Kwanza nieleze kwa nini tunasisitiza watu watumie lenzi pamoja badala ya kila mtu kununua yake ya bei ya chini. Lenzi ya 70-200 f/2.8, ile ya kuvuta vitu vya mbali, ni kama kilo moja na nusu ya glasi na chuma, na ikiwa mpya bei yake inatosha kununua bodaboda. Kijana anayeanza kazi Lanet ama Section 58 atatoa wapi hizo pesa, na anaihitaji labda Jumamosi mbili kwa mwezi, siku zingine inalala kwa kabati? Lakini Jumamosi ikifika anaihitaji kweli kweli. Ukiwa ndani ya kanisa, taa ni mbili tatu za njano na mchungaji amekataza flashi, ile 18-55 iliyokuja na kamera ukiivuta mpaka 55 inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inafunguka zaidi). Ile ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne zaidi. Hiyo maana yake penye ulikuwa unalazimika kupanda ISO 6400 (ISO ni vile kamera inaongeza mwanga wa picha yenyewe, ikipanda sana picha inajaa chengachenga) unabaki 1600, na hiyo tofauti mama wa bibi harusi anaiona kwa albamu hata kama hajui ISO ni nini.

Alafu kuna hii: bodi huzeeka, glasi nzuri hukaa. Maunti (ile pete lenzi inafungiwa kwa bodi) ya Canon EF ilianza 1987 na lenzi za wakati huo bado zinaingia kwa DSLR (kamera zenye kioo ndani) za Canon mpaka leo. Nikon F ni ya 1959, ingawa zile za zamani sana usijaribu kuzifunga kwa bodi ya sasa kabla hujauliza, zingine zinaweza kuvunja kitu. Kwa hivyo mkiwa watu wanne na mnataka kuchanga pesa, mimi kila siku nawaambia bodi zenu endeleeni nazo hivyo hivyo, changeni mnunue glasi.

Lakini sasa hapo kwa kuchanga ndio watu wanaumia, kwa sababu hawaulizi maunti. Wawili wako na Canon, wawili Nikon, wanafikiria adapta, ile pete ya kuunganisha lenzi na bodi za maunti tofauti, itamaliza maneno. Sikizeni. Kutoka kwa ile pete ya maunti mpaka kwa sensa (kile kipande kinachochukua picha), Canon EF ni milimita 44, Nikon F ni 46.5. Hiyo nafasi ya milimita mbili na nusu inatosha kuweka pete nyembamba, so lenzi ya Nikon inaweza kukaa kwa Canon, lakini fokasi utazungusha na mkono. Ukigeuza, lenzi ya Canon kwa Nikon F, hakuna nafasi, utapiga vitu vya karibu tu na watu wakisimama mbali wote ni ukungu, isipokuwa adapta iwe na glasi yake ndani na hiyo glasi ndiyo inaharibu ile picha umelipia. Kwa hivyo kikundi kiwe cha maunti moja. Hiyo sibembelezi mtu.

Kamera mpya zisizo na kioo ndani ni habari njema kidogo. Canon RF ni milimita 20, na adapta ya kuingiza lenzi za EF ni pete tupu ya milimita 24 yenye nyaya tu, haina glasi, fokasi inafanya kazi kama kawaida. Hii ndiyo sababu sisi bado tumeng'ang'ana na lenzi za EF: ile ile moja inamfaa mwenye Canon 700D ya kioo na inamfaa mwenye RF mpya.

Turudi kwa ile kalenda.

Ndani ya DSLR kuna kioo. Mwanga ukiingia, sehemu inapanda juu kwa jicho lako na sehemu inateremka chini kwa sensa ndogo ya fokasi. Picha yenyewe inachukuliwa na sensa ingine kubwa huko nyuma ya kioo. Hizo njia mbili zinafaa zilingane urefu kabisa, na kiwandani wanajaribu, lakini kila bodi iko na tofauti kidogo na kila lenzi iko na yake. Tofauti zikiangukia upande mmoja zinajumlika, ndio unapata bodi inasema "tiii" imeshika jicho kumbe imeshika sikio. Na 85mm kwa f/1.8, kwa kamera ya sensa kubwa, ukisimama mita mbili kutoka kwa mtu, sehemu iliyo kali ni kama sentimita sita tu mbele na nyuma zikiwa pamoja. Hakuna nafasi ya kukosea hapo. Kwa ile 18-55 sehemu kali ni ndefu zaidi, kwa hivyo kosa linajificha na mwenye kamera anakaa miaka bila kujua.

Vile tunapima ni hivi. Tunafunga kamera kwa tripodi, tunaweka mbao yenye mistari myeusi imeangalia kamera moja kwa moja, na kando yake rula imelala kwa mshazari digrii 45. Umbali ni ile namba ya milimita ya lenzi mara 50, kwa hivyo ile 85 ni mita nne na robo, tuko na alama ya tepu ya bluu sakafuni hapo. Lenzi imefunguliwa mwisho, nukta ya fokasi ya katikati peke yake, na kila mara kabla ya kupiga tunazungusha fokasi tuivuruge kabisa ndio kamera itafute upya. Tunapiga kama kumi, si moja, kwa sababu fokasi yenyewe huwa inatingika kidogo. Alafu unaangalia rula: sifuri iko kali ama ukali umehamia nyuma? Ya binamu ilikuwa imehamia nyuma vibaya. Tukaingia kwa menyu ya kurekebisha fokasi, inaenda kutoka toa 20 mpaka jumlisha 20, tukajaribu toa 5, bado, toa 9, imekaribia, toa 11, na namba za rula zikasimama pale pale kwa sifuri. Yule kijana akakaa kimya akiangalia skrini, alafu akasema, "Kumbe ningejua Ijumaa." Hiyo ilinigusa, kwa sababu harusi hairudiwi.

Hiyo namba bodi inaikumbuka, siku ingine ukiifunga hiyo lenzi inajirekebisha yenyewe. Sisi pia tunaandika kwa daftari, bodi hii na lenzi hii, toa 11, kwa sababu mtu anaweza kurudisha setingi za kiwandani bila kujua. Kwa zumu (lenzi za kuvuta) bodi zingine zinakubali namba mbili, moja ya mwanzo na moja ya mwisho.

Sasa si kila bodi iko na hiyo menyu na hapo ulizeni kabla hamjanunua kamera za mtumba. Canon 50D iko nayo, 60D iliyokuja baadaye haina, 70D ikarudishiwa. 700D na 200D hazina. Nikon D7200 na D750 ziko nayo, D3500 na D5600 hapana, na hizo mbili hazina hata mota ya fokasi ndani, zile lenzi za zamani za AF-D, zinazotegemea mota ya bodi, hazitajifokasi. Kama yako haina menyu hatukufukuzi, tunakuonyesha kufokasi kwa skrini, maana hapo kamera inatumia sensa ile ile ya picha na hilo kosa haliwezi kuingia. Ni polepole lakini kwa picha za familia zimesimama inatosha. Zile zisizo na kioo zinapima kwa sensa ya picha, kwa hivyo zenyewe hii shida hazina.

Kuna mambo mengine ya lenzi inayozunguka mikono mingi. Vumbi la Nakuru mnalijua: badilisha lenzi ndani ya gari, bodi imeangalia chini, usiiache wazi ukitafuta kifuniko. Kisumu adui ni unyevu. Lenzi yetu moja ilikaa huko kwa mtu msimu mzima wa mvua ndani ya begi la kitambaa, ikarudi na kuvu, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ndani ya glasi, na kuisafisha kulitugharimu sana. Siku hizi lenzi ikivuka Kericho inaenda ndani ya kopo linalofungwa vizuri na vile vipakiti vya silika. Na ukiwa kwa shughuli Kakamega Canon yako iandike Err 01, usiogope, hiyo ni lenzi na bodi hazisikilizani, zima, toa lenzi, futa zile pini za dhahabu na kitambaa kikavu safi, rudisha. Mara nyingi inaisha hapo.

Ukikuja kupimiwa leta bodi zote ambazo unaweza kutumia, hata ile ya akiba, hata ya binamu, na betri ziwe zimejaa. Bodi moja na lenzi moja huchukua kama nusu saa. Njoo kati ya Jumatatu na Alhamisi. Ijumaa watu wanachukua lenzi, na Jumamosi hatuwezi kupima kitu kwa sababu lenzi zote ziko harusini.