Barua kwa Binamu Yangu Aliyeuliza Tutachanga Mpaka Lini

Kaka,

Salaam kutoka Dodoma. Nimeusoma ujumbe uliouacha kwenye kundi letu la michango kabla hujajitoa, na nimeona niujibu hadharani kwa sababu najua wapo wengine wenye hoja hiyohiyo ambao hawakuisema. Wao wameacha tu kutuma. Uliuliza mambo mawili: fedha tulizochanga mwanzoni kwa matibabu ya figo ya rafiki yetu zimekwenda wapi, na tutaendelea kuchanga mpaka lini. Ni maswali ya haki, na mimi niliyekabidhiwa daftari ndiye ninayepaswa kuyajibu.

Tatizo lilianzia kwenye kikao cha kwanza. Tulikaa tukapanga kama watu wa kamati ya harusi, tukaandika bajeti, tukagawana ahadi, tukaweka tarehe ya mwisho, na siku ile ilipofika tukapongezana kwa kuvuka lengo. Ugonjwa wa figo hauna siku ya ukumbi. Rafiki yetu anasafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara, na ratiba hiyo haiulizi kama wachangiaji wamebanwa na ada za watoto mwezi wa kwanza. Kadi yake ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ile iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, ilimfaa wakati wa vipimo vya mwanzo, lakini kusafisha damu haikumlipia. Ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, nami ni miongoni mwa wanaotazamia matunda yake kwa hamu kubwa. Hata hivyo, mashine ya Jumatatu inalipiwa Jumatatu.

Sasa sikia zilivyokwenda. Mwanzoni alikuwa akisafishwa kwa mpira uliowekwa shingoni, kwa sababu fistula, yaani mshipa wa mkono unaounganishwa kwa upasuaji ili sindano za mashine zipate njia, huhitaji wiki kadhaa kukomaa. Mpira ule ukapata maambukizi, akaanza kutetemeka kwa homa akiwa palepale kwenye mashine, akalazwa na kuchomwa dawa ambazo hazikuwa kwenye bajeti yetu. Fistula ya kwanza nayo iliganda damu, ikabidi afanyiwe nyingine. Hapo bado lengo letu lilikuwa halijavunjika. Kilichotuvunja ni ule mwezi ambao michango ilikauka, familia ikaamua kimyakimya apunguze awamu moja ya kusafishwa damu kila wiki ili fedha zilizobaki zifike mbali. Hazikufika. Maji yalijaa mwilini mpaka kwenye mapafu, akapelekwa usiku akiwa hawezi hata kulala chali, na gharama za kulazwa na oksijeni zikameza zaidi ya zile awamu alizoruka. Risiti zote ninazo, na yeyote aliyechanga hata shilingi elfu moja ana haki ya kuziona.

Ninakueleza habari ya maji kwa makusudi, kwa kuwa wengi wetu hatuielewi. Figo zikishindwa kazi, mtu hapati mkojo wa kutosha, kwa hiyo kila anachokunywa kinabaki mwilini hadi mashine ikitoe. Fikiria hali hiyo katika Dodoma ya mwezi wa kumi, jua na vumbi, mvua bado ni hadithi. Mkewe humpimia maji kwa kikombe kidogo cha kahawa, asubuhi kimoja, mchana kimoja, jioni kimoja, na kati ya hapo humpa vipande vya barafu avimung'unye taratibu, navyo pia vinahesabiwa. Akifika hospitali anapandishwa kwenye mizani kabla ya kitu chochote, na kilo zilizoongezeka tangu awamu iliyopita ndizo humwambia muuguzi ni maji kiasi gani ya kutoa. Ameniambia kwamba ile mizani anaiogopa kuliko sindano.

Kwa hiyo, kaka, shilingi laki mbili zinazokuja mara moja na kufuatiwa na miezi minne ya kimya zinatusaidia kidogo kuliko shilingi elfu kumi inayokuja kila mwezi bila kukosa. Sisemi hivyo kwa kudharau ulichotoa, maana wewe ulitoa zaidi ya wengi. Ninasema kwamba ugonjwa huu unaadhibu kuchelewa, na adhabu yake hulipwa kwa fedha zilezile tulizodhani tunazihifadhi.

Mpaka lini? Njia ya kutokea ni kupandikizwa figo. Zamani neno hilo lilimaanisha safari ya India, lakini Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza nchini mwaka 2017, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa ikaanza hapahapa kwetu Dodoma. Shida iliyobaki ni mtoaji. Dada yake alijitolea kwa moyo mkunjufu, vipimo vikamkuta naye ana shinikizo la damu bila kujijua, akaachwa. Angalau ameanza dawa mapema. Mdogo wake wa kiume anaendelea na vipimo, damu zinaendana, lakini vipo vingine ambavyo majibu yake hayajatoka na sitaki kukupa matumaini ambayo daktari hajanipa. Kuna aliyependekeza kwenye kundi kwamba tutafute mtu wa kuuza figo. Hilo nililifunga siku hiyohiyo. Figo haiuzwi, na hospitali inataka ndugu anayetoa kwa hiari yake.

Hata akipandikizwa, atameza dawa za kuzuia mwili usiikatae figo mpya kwa muda wote atakaokuwa nayo, na kuruka dozi ni hatari ileile ya kuruka mashine. Mahitaji yatapungua, hayatakwisha. Hilo ndilo jibu la swali lako, na afadhali ulipate kwangu sasa kuliko uligundue baadaye ukadhani tulikuficha.

Kuna maamuzi mengine mawili ambayo yamenigombanisha na baadhi ya wanakamati. La kwanza ni picha. Walitaka tumpige akiwa na mipira shingoni, isambazwe ili watu waguswe. Nilikataa, na nitaendelea kukataa. Yule ni fundi seremala aliyetengeneza milango ya nusu ya mtaa wetu Chang'ombe, ana wateja na ana watoto shuleni. Isitoshe, picha za namna hiyo huokotwa na matapeli wakabandika namba zao za simu. La pili ni mashine zake za karakana, ambazo mtu mmoja alishauri ziuzwe. Siku ambazo hayuko hospitali bado anakaa kwenye benchi, anachora vipimo, kijana wake anakata, na kazi ndogondogo za stuli na fremu zinalipa nauli na mboga. Tukiuza msumeno tutapata fedha za wiki chache, kisha tutakuwa tumemwondolea chakula na jina lake vyote kwa pamoja. Wakulima wa zabibu wa Mpunguzi, wateja wake wa zamani, wametuonyesha ustaarabu zaidi: kila baada ya mavuno huleta mchango wao na oda ya viti.

Utaratibu tuliobadilisha ni huu. Michango haikai tena kwenye simu yangu. Hospitali inatoa namba ya kumbukumbu ya malipo kwa awamu za wiki, tunailipa moja kwa moja, na risiti inawekwa kwenye kundi siku hiyohiyo pamoja na orodha ya waliochanga, bila kutaja kiasi cha kila mmoja, kwa sababu orodha ya viwango ilikuwa imeanza kuwaaibisha wenye kidogo. Nauli na chakula cha msaidizi vina daftari lake, na analishika mkewe.

Ninachokuomba ni ahadi ya kila mwezi, ya kiwango utakachoweza hata mwezi mbaya, ifike kabla ya tarehe 5. Kama kelele za kundi ndizo zilizokuchosha, huna haja ya kurudi. Nitakutumia risiti peke yako. Na mpigie simu siku ya Jumapili, ambayo huwa amepumzika. Anajua ulijitoa, wala hana kinyongo. Ameniuliza tu kama lile kabati la shangazi alilotengeneza bado linafunga vizuri.

Ni mimi nduguyo,
Mweka hazina