Chesco, pima kwanza ndipo ulipe

Mbeya, Juni 14

Ndugu yangu Chesco,

Kamwene. Ujumbe wako umenifika pamoja na picha za zile seti mbili za fimbo za gofu, na kwa kuwa muuzaji amekupa mpaka Jumamosi, naandika yote kwa mkupuo mmoja. Habari za nyumbani tutapeana kwa simu.

Umeuliza uchukue shafti (mipini ya fimbo) za chuma au za grafaiti, yaani nyuzi za kaboni. Kwa kiwiko chako hicho kinachouma, chukua grafaiti. Ila usilipe hata shilingi kabla hujaiweka fimbo kwenye mizani na kuikagua shafti moja moja, kwa sababu chini ya jina hilo la grafaiti kuna vitu vinavyotofautiana sana.

Anza na uzito. Shafti ya chuma ya aini (zile fimbo za namba zenye kichwa cha chuma), kabla haijakatwa, huwa kati ya gramu 95 na 130. Ya grafaiti huanzia kama gramu 50, nyingi ziko kati ya 60 na 90, na zipo zinazopita 100. Umeona zinavyokutana katikati? Grafaiti nzito na chuma chepesi ni majirani. Kwa hiyo anayekwambia "grafaiti ni nyepesi mno kwa mwanaume" amekwambia nusu ya habari. Bryson DeChambeau, mmoja wa wapigaji wenye nguvu kuliko wote duniani, alishinda mashindano ya gofu ya US Open ya mwaka 2020 akiwa na grafaiti hadi kwenye aini zake. Maneno ya kwamba ni shafti za wazee na kina mama yametoka enzi za miaka ya 70, zilipoanza kuingia sokoni zikiwa laini na zenye kujipinda ovyo. Usiyabebe.

Seti ya chuma kwenye picha yako ina kibandiko cha Dynamic Gold S300. Naijua. Shafti moja ina karibu gramu 130, na inamfaa mtu mwenye kasi, anayefika shimo la 16 mkono ukiwa bado na nguvu ileile ya shimo la kwanza. Ni shafti nzuri sana kwa mwenyewe. Kwako itakuchosha, na mtu akichoka huanza kupiga ardhi kabla ya mpira, na kila anapopiga ardhi kiwiko kinalipa. Chuma hupeleka mtetemo wa mpigo mbaya moja kwa moja mkononi. Grafaiti humeza sehemu kubwa ya mtetemo huo njiani. Fikiria asubuhi za Julai huko Mafinga, vidole vimekufa ganzi na ardhi imekauka: mpigo mmoja wa chini ya uso wa fimbo ya chuma unausikia mpaka begani.

Seti ya grafaiti haionyeshi uzito kwenye picha. Gramu mara nyingi huandikwa chini kidogo ya gripu, pale pa kushikia, wakati mwingine kwa namba tupu kama 65 au 80. Kama kibandiko kimefutika, nenda na mizani ndogo ya jikoni, ile ya betri, upime aini 7 nzima. Yenye shafti nzito ya chuma itakuja karibu gramu 430. Yenye grafaiti ya gramu 75 hivi itakuja karibu 390. Ukikuta 370 au chini, shafti ni nyepesi mno kwako uliyezoea chuma; mikono itatangulia mwili, na mipira itakwenda kila upande. Ningependa upate shafti ya gramu 70 hadi 85. Kisha pima na aini 5 na aini 9. Uzito wa fimbo nzima uwe unapanda kidogo kidogo kadiri fimbo inavyokuwa fupi. Ikiwa aini 8 ni nyepesi kuliko aini 6, ujue kuna shafti iliyobadilishwa, na uliza kwa nini.

Sasa ugumu wa shafti. Herufi unazijua: L, A, R, S, X, kutoka laini kwenda ngumu. Tatizo ni kwamba hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote, S ya huyu inaweza kuwa R ya yule. Kwa makadirio, anayezungusha draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, kwa maili 85 hadi 95 kwa saa ni mtu wa R, na 95 hadi 105 ni mtu wa S. Wewe huna kifaa cha kupima kasi, kwa hiyo unahesabu kwa umbali, na hapo ndipo watu wa nyanda za juu tunadanganyika.

Hewa ya huku ni nyepesi. Kila futi 1,000 za mwinuko huongeza umbali wa mpira kwa asilimia 1 na kidogo. Mafinga iko karibu mita 1,900, yaani zaidi ya futi 6,000, kwa hiyo unapewa bure asilimia 6 hadi 7. Aini 7 inayokwenda yadi 140 kule Lugalo, Dar, huku inafika karibu 149. Umeniandikia kwamba wewe ni "mtu wa yadi 150", na muuzaji amekwambia hiyo ni S. Toa za mlima kwanza. Ukishazitoa unabaki na 140, na mtu wa 140 usawa wa bahari ni R bila ubishi. Ukichukua S ngumu kuliko kasi yako, wewe unayepiga kwa mkono wa kulia utaona mpira unaruka chini na kuegemea kulia, utaanza kujilazimisha, na kiwiko kitarudi palepale. Ikiwa laini mno, mpira huelekea kupaa sana na kwenda kushoto, tena hautabiriki. Kati ya makosa hayo mawili, la kwanza ndilo linaloumiza mwili.

Hewa hiyo nyepesi ina jambo jingine: haiubebi sana mpira unaozunguka, kwa hiyo hupaa chini kidogo kuliko pwani na haupindi sana. Wewe hapo unahitaji shafti inayosaidia mpira kupanda, na grafaiti ya R kwa kawaida husaidia. Tena usilinganishe fimbo mpya ya huku na fimbo ya zamani uliyoipiga Dar, utaisifu shafti kwa kazi ya mwinuko. Linganisha uwanja mmoja, siku moja, mipira ya aina moja, mipigo 10 kwa kila fimbo. Usiangalie ule mmoja uliokwenda mbali. Tazama 10 yote ilivyotawanyika kwenye nyasi, na seti ambayo mipira yake imetawanyika kidogo zaidi ndiyo yako.

Ukifika kukagua, fanya hivi. Ishike fimbo ya grafaiti kwenye jua la asubuhi, izungushe taratibu mbele ya macho. Angalia zaidi pale inapogusana na mdomo wa begi, maana hapo fimbo hugongana safari nzima na kuacha pete ya mchubuko. Rangi ikichubuka tu, haina neno. Ukiona weusi wenye nyuzi chini ya rangi, hapo pana neno. Chukua kipande cha soksi ya nailoni, kipitishe kuanzia gripu hadi shingoni mwa kichwa. Kikinasa mahali, nyuzi za kaboni zimeinuka, na shafti hiyo siku moja itakatika katikati ya mpigo, kichwa kikaruka kuelekea kwa kedi anayekubebea begi. Halafu shika kichwa kwa mkono mmoja na gripu kwa mwingine, pindisha kidogo kama unayekamua nguo, sikiliza. Mlio wa kukwaruza au kupasuka maana yake iache. Fanya kwa zote, usikubali kuambiwa "zote ni seti moja".

Ukikagua chuma kwa kulinganisha, ibingirishe juu ya meza iliyonyooka. Kichwa kikae nje ya ukingo. Ikiruka-ruka, imepinda, na chuma kilichopinda hakinyooshwi kikarudi kuwa kizima. Tikisa fimbo kichwa kikiwa chini. Ukisikia chembe zinacheza ndani, ni kutu au gundi iliyoachia. Mvua za Novemba hadi Aprili hupenya kwenye kile kitundu kidogo cha juu ya gripu, na kutu huanzia ndani usikokuona. Madoa ya kutu yenye vishimo karibu na shingo ni sababu tosha ya kuacha.

Najua unalowaza: vichwa vya seti ya chuma ni vizuri zaidi, je, si ununue hiyo kisha fundi abadilishe shafti? Inawezekana, lakini uijue gharama yake. Ukitoa shafti ya gramu 125 ukaweka ya 80, umepunguza gramu 45, na kila gramu 9 kwenye shafti ni kama alama moja kwenye kile kipimo cha C na D kinachoonyesha kichwa kinavyohisiwa unapozungusha. Fimbo iliyokuwa D2 inashuka hadi C7. Utaishika uone kichwa kimepotea. Dawa ni utepe wa madini ya risasi nyuma ya kichwa, gramu 2 kwa kila alama, yaani gramu 10, au kurefusha fimbo kwa nusu inchi, ambayo hurudisha kama alama 3. Ukirefusha, fimbo nayo hukaa wima zaidi kwa kama digrii moja, na mipira itaanza kwenda kushoto usijue sababu. Ndiyo maana seti zinazotoka kiwandani na grafaiti zimeshapangwa, vichwa na urefu wake vinalingana na shafti. Kwako hilo ni jambo kubwa kuliko uzuri wa kichwa.

Ukiamua kubadilisha hata hivyo, mpe fundi maneno haya. Apime kwa kalipa ncha ya shafti: ncha iliyonyooka ya aini ni inchi 0.370, kama milimita 9.4, ncha iliyochongoka ni 0.355, kama milimita 9.0. Nyembamba ikiingia kwenye tundu pana itacheza, na gundi peke yake haitaishika. Chuma asugue kromu yote kwenye ncha hadi pawe pakavu pasipong'aa, la sivyo gundi haishiki. Grafaiti asugue rangi tu na aishie hapo. Akizama kwenye nyuzi amepunguza nguvu mahali penye mzigo mkubwa kuliko pote. Kuikata atumie msumeno wa meno madogo, afunge utepe wa karatasi palipo alama ili nyuzi zisipasuke, na avae barakoa, vumbi lile si la kuvuta. Anapotoa shafti ya grafaiti apashe kichwa moto na avute moja kwa moja. Akizungusha kama anavyozungusha chuma, tabaka za ndani zitaachana.

Gundi iwe epoksi ya sehemu mbili ya kazi nzito, zichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ile ya dakika 5 ya dukani akatae. Hukauka ikawa kavu mno, hupasuka kwa mtikisiko, na kichwa huruka. Na baridi yenu ya sasa ndiyo adui wa epoksi: kwenye chumba chenye digrii 8 usiku inaonekana imeganda kumbe bado laini ndani. Fimbo zikae wima kwenye chumba chenye joto la digrii 20 au zaidi, saa 24 kamili, kisha ndipo upige. Hata mkiwa na haraka, ongezeni siku, msiongeze moto.

Draiva yako iache kama ilivyo, ina grafaiti tayari. Pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, iache na chuma chake. Weji mbili za chuma ulizonazo usiziuze bado, kwa mipigo mifupi uzito wa ziada hutuliza mkono, na kiwiko hakiumii kwa mpigo wa nusu. Isipokuwa ile ya mchangani, ukiona inakuuma, nayo ibadilishwe.

Kama Jumamosi ukikuta shafti za grafaiti ni R, gramu zinafika 70, na soksi haikunasa popote, lipa. Ikiwa ni za gramu 55, usinunue seti yoyote siku hiyo, hata akikupunguzia bei. Nitumie gramu za aini 5, 7 na 9 kabla hujatoa pesa, hata kama ni saa moja asubuhi. Nitakuwa macho.

Wasalimie wote nyumbani, na kiwiko kikizidi kukuuma usiku, mwone daktari kabla ya kwenda uwanjani.

Rafiki yako,
Asajile