Loburu: hatari iko chini ya miguu, si ndani ya maji pekee

Mhariri,

Shule zikikaribia kufunga, mabasi ya wanafunzi huanza kumiminika Ziwa Bogoria, Kaunti ya Baringo, na kituo kisichorukwa ni chemchemi za maji moto za Loburu kwenye ufuo wa magharibi. Kila mtoto hufika akiwa ameshaambiwa asiguse maji. Onyo hilo ni la haki, ila halitoshi. Nani atatia mkono kusudi kwenye maji anayoyaona yakitokota? Linalopaswa kusemwa kwanza ni pa kukanyaga.

Ziwa hilo liko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka yakiwa na nyuzi 96 au 97 hivi badala ya 100. Maji ya Loburu hutoka ardhini yakiwa yamefika kiwango hicho au yako karibu nacho, nayo hubeba madini yaliyoyeyuka. Yanapopoa, madini huganda pembeni kama tabaka jeupe na gumu. Kingo za visima vya aina hii mara nyingi hujengeka kuelekea ndani, juu ya maji, huku maji yenyewe yakizichimba kwa chini. Mgeni anadhani amekanyaga saruji, kumbe ni ukoko wa wali uliokwisha kubanduka sufuriani.

Ukoko kama huo una dalili zake. Ukiugonga kwa fimbo unatoa sauti ya kitu kitupu. Mvuke hupenya kwenye nyufa ndogo hatua kadhaa kutoka kisimani, na joto husikika kupitia soli ya kiatu. Ukiona mojawapo, rudi kwa njia uliyojia, usikate kona. Wala usizifuate nyayo za mbuzi, maana mbuzi wa kilo 30 hupita salama mahali ambapo mwalimu wa kilo 80 atazama hadi gotini. Kisima kikichemka kwa nguvu hurusha maji kando, na upepo ukigeuka unamkuta aliyekuwa akipiga picha. Kaa upande upepo unakotokea, mita tatu au zaidi kutoka ukingoni.

Kuna mambo mawili yanayowadanganya hata watu wazima. Asubuhi kukiwa na ubaridi, mvuke huwa mzito na kila mtu anaogopa. Saa sita mchana, hewa ikiwa kavu na jua limewaka, mvuke huohuo hauonekani vizuri, na kisima cha nyuzi 90 kinaonekana kimetulia kama dimbwi la mvua. Mabasi mengi hufika saa hizo hizo. La pili ni rangi. Mfereji unaotoka kisimani hugeuka kijani au chungwa kadiri maji yanavyopoa, kwa sababu vijidudu vinavyoishi kwa mwanga wa jua haviwezi kustahimili zaidi ya nyuzi 73 hivi. Watu huona utelezi wa kijani wakasema hapa pamepoa. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima hadi ndani kwa takriban sekunde tano, na ya nyuzi 70 kwa sekunde moja. Ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Tena utelezi huo unateleza kwelikweli.

Halafu kuna ziwa lenyewe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji ya Bogoria yamepanda, yakameza barabara, majengo ya lango la Loboi na sehemu ya chemchemi. Chemchemi iliyofunikwa haijafa. Inaendelea kutoa maji moto chini ya maji ya ziwa, na anayeingia kutembea ufuoni ili aone ndege aina ya flamingo kwa karibu anaweza kukanyaga mdomo wake bila kuuona. Ramani na picha za zamani zisitumiwe kupanga ziara. Tumia mwongozaji wa eneo hilo, anayejua ufuo umesogea wapi msimu huu.

Kuhusu mayai ambayo wageni huyachemsha kwenye chemchemi hizi, sioni haja ya kupiga marufuku. Kinachoudhi ni namna yanavyochemshwa: mtoto ameinama ukingoni, ameshika kamba fupi, wenzake wanamsukuma kwa nyuma. Yachemshiwe kwenye mfereji, si kisimani, ndani ya kikapu cha waya kilichofungwa kwenye mti wa mita mbili, na mtu mzima mmoja ndiye aushike. Penye nyuzi 90 na zaidi, dakika 12 zinatosha yai kuiva. Maganda yarudi nayo nyumbani, na mawe yasitupwe ndani, kwani takataka huziba tundu. Maji hayo yasionjwe pia. Yana chumvi za magadi na floridi nyingi.

Ajali ikitokea, aliyeona asikimbilie ukingoni, kwa sababu ardhi iliyovunjika kwa mmoja itavunjika kwa wawili. Mrushie kamba au mnyoshee mti kutoka mahali pagumu. Akishatoka, vua kiatu na soksi papo hapo, maana soksi iliyolowa hushikilia joto na kuendelea kuunguza. Kitambaa kilichoganda kwenye ngozi kiachwe. Kisha mmiminie maji baridi safi kwa dakika 20. Hapa ndipo ziara nyingi zinapokwama: maji ya ziwa ni ya magadi na hayafai kwenye kidonda, na ya chemchemi ndiyo yaliyomuunguza. Kwa hiyo basi libebe maji yake. Mtungi wa lita 20 ukimiminwa lita moja kwa dakika unatosha mguu mmoja. Beba miwili, uiweke kivulini ukiifunika gunia lililoloweshwa, kwani kwenye hewa kavu ya Baringo gunia hilo huyapoza maji vizuri. Maji hayo yasihesabiwe kuwa ya kunywa. Usipake dawa ya meno, siagi wala unga, na yai bichi lililoletwa kuchemshwa lisipasuliwe juu ya jeraha. Funika kwa kitambaa safi bila kukaza, usitumbue malengelenge, kisha elekea hospitali ya Marigat.

Kwa wasimamizi wa hifadhi, ombi ni vizuizi vinavyohamishika, kamba na vigingi tu, vinavyosogezwa kila ziwa linaposogea, pamoja na eneo moja lililotengwa la mayai. Ukuta wa kudumu utazama au utabaki mbali na hatari. Yellowstone kule Marekani wana njia za mbao zilizoinuliwa na mabango kila mahali, na bado zaidi ya watu 20 wamekufa kwa maji moto tangu hifadhi hiyo ianzishwe, wakiwemo walioacha njia hizo kwa hiari yao.

Walimu nao wawagawe wanafunzi kumi kumi, kila kundi na mtu mzima mbele na mwingine nyuma, waliobaki wangoje kwenye basi. Malapa yabaki humo pia.

Mwongozaji wa watalii,
Marigat, Baringo