Barua ya wazi kwa vijana wa Masasi wanaotaka kununua mtambo wa visima

Wajukuu zangu,

Nimesikia mmetoka VETA, mmesajili kikundi, na sasa mnaandaa maombi ya mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, mkanunue mtambo wa kuchimba visima. Nia yenu naipenda. Maji yanatafutwa kuanzia Nanyumbu hadi Kilwa. Ila mtambo uwe kitu cha mwisho kununua, na nitawaeleza kwa nini, maana nimekaa kwenye kazi hiyo mpaka masikio yakapungua kusikia.

Kwanza ardhi yenyewe. Hapo kwenu Masasi, na Nachingwea, chini kidogo mnakutana na mwamba uleule unaochomoza kwenye milima yenu. Unatakiwa kuchimbwa kwa nyundo ya upepo inayogonga ndani ya shimo, na kompresa kubwa ya kurusha unga wa mawe juu. Maji humo hukaa kwenye nyufa. Mkikosa ufa mtashuka mita 100 na kuambulia vumbi. Nendeni Mikindani au Lindi mjini: sehemu kubwa ni mchanga na mfinyanzi, shimo linabomoka mkilitazama. Huko biti, yaani kichwa cha kuchimbia, inazungushwa huku tope la bentonaiti, aina ya mfinyanzi, likisukumwa chini, nalo ndilo linaloshikilia kuta mpaka kesingi, bomba la kukinga kuta za kisima, iteremke. Mtambo unaofaa upande mmoja unaweza kuwafilisi upande wa pili. Na Newala juu, kwenye uwanda wa Makonde, maji yako mbali mno chini. Yanapandishwa kwa pampu kutoka Mitema. Msimuahidi mtu wa huko kisima cha uani.

Pwani kuna chumvi. Maji baridi ni mepesi, kwa hiyo yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza ardhini. Kwa makadirio ya wataalamu, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 nyingine chini yake. Mkivuta sana hiyo mita ya juu ikashuka, chumvi inapanda kuifuata pampu. Mteja akiona maji hayatoshi atawaambia muongeze kina. Msikubali, hata akinuna.

Sasa fedha, na hapa ndipo naona wengi wanaangukia. Kwetu kusini hela ya mwananchi ni korosho. Minada huanza Oktoba, malipo yanapita AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, na mvua nazo hazichelewi. Yaani mteja ana hela wakati lori lenu linakwama njiani. Barabara zikikauka Julai, yeye hana kitu. Mkopo wa halmashauri hauna riba, lakini marejesho yanadaiwa hata mtambo ukiwa umefunikwa turubai. Chukueni malipo ya awali msimu wa korosho, mchimbe kiangazi.

Kuna shimo kavu pia. Mteja anaamini ananunua maji. Ninyi mnauza mita za shimo. Msipoandikiana nani anabeba gharama maji yasipopatikana, mtagombana mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na mtambo hautaondoka hapo. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Kupima ardhi kabla ya kuchimba kunapunguza balaa, hakuliondoi, na mteja aambiwe hivyo kabla vyuma havijashushwa kwenye lori.

Karatasi sitazisemea sana: BRELA kwa usajili wa biashara, TRA kwa kodi, leseni ya uchimbaji ya Wizara ya Maji, usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na NeST, mfumo wa mtandaoni wa zabuni za serikali, zikiwemo za RUWASA, wakala wa maji vijijini. Vibali vya maji muulizeni watu wa Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini. Zinachosha, lakini asiye nazo huishia kuchimba kwa jina la mwenzake na kulipwa makombo.

(Wale mnaoota rigi, mitambo mikubwa ya kuchimba gesi ya Mnazi Bay kule Mtwara, hiyo ni habari nyingine kabisa, huko mtaingia kama waajiriwa.)

Kwa hiyo anzeni na kufunga na kutengeneza pampu, kusafisha visima vya zamani, na kupima wingi wa maji. Vifaa vyake havifikii hata robo ya bei ya mtambo, na kazi hiyo itawapeleka kwenye visima vya watu wengine mjue vipi vimedumu na vipi vimejaa mchanga kwa sababu filta, bomba lenye matundu ya kuchuja mchanga, iliwekwa ovyo. Huku nyuma, wawili kati yenu waombe kazi kwa mkandarasi kiangazi hiki, hata ya kubeba mabomba. Washike daftari: kila mita, rangi ya udongo, muda uliotumika, maji yalipogongwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sampuli wafunge kwenye mifuko, waandike kina juu yake.

Maombi ya mkopo yaandikeni upya kwa vifaa vya pampu. Afisa maendeleo akiuliza mbona mmebadilisha, mwonyesheni barua hii.

Babu yenu, fundi mstaafu wa visima