Baba, vile vyuma visiuzwe kwanza

Los Angeles, Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, na wadogo zangu uwasalimie wote. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, baridi imeanza kulegea. Ningeweza kupiga simu, lakini simu zetu hukatika katikati ya neno, na hili ninalotaka kukueleza ni refu.

Kaka aliniambia mmekubaliana kuondoa vyuma vyote vya nyuma ya nyumba, na kwamba mnunuzi wa chuma chakavu ameshakuja kuvitazama. Najua mwaka jana mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema viuzwe, tena kwa maneno makali, na Mama akaniunga mkono. Nimegeuza kauli. Aliyenigeuza ni mzee mmoja aliyefariki mwaka 1969, ambaye sikuwahi hata kulisikia jina lake hadi Jumamosi iliyopita.

Wenzangu wa kazini walinichukua kwenda Hifadhi ya Taifa ya Joshua Tree, upande wa mashariki wa hapa, mwendo wa karibu saa tatu kwa gari. Majangwa mawili yanakutana pale: la Mojave lililo juu na lenye ubaridi, na la Colorado lililo chini na lenye joto zaidi. Mimi nilitazamia mchanga mtupu kama wa kwenye picha. Kumbe ni mawe! Marundo ya granite makubwa kama nyumba za ghorofa, yamebebana kana kwamba mtu alianza kuyapanga kisha akachoka njiani. Kati ya mawe imesimama hiyo miti ya Joshua, mikono juu, miiba kila mahali. Nilicheka nilipoambiwa kwamba kwa ukoo ni ndugu wa mkonge. Maua yake huchavushwa na nondo mdogo ambaye naye hutaga mayai ndani ya ua hilohilo. Mmoja akitoweka, mwenzake hana maisha.

Ndani kabisa ya mawe hayo kuna ranchi iliyoachwa. Wanaiita Desert Queen, au Keys Ranch kwa jina la mwenyewe. Huingii ovyo, geti limefungwa na unakwenda na kundi, askari wa hifadhi akiwa mbele. Nilinuna, maana nilitaka kuzurura peke yangu. Baadaye nilimshukuru Mungu kwamba yule askari alikuwapo.

Mwenyewe aliitwa Bill Keys, mzaliwa wa 1879. Alifika huko karibu mwaka 1910, akapewa kazi ya kulinda mgodi wa dhahabu. Kampuni ikafilisika, mishahara ikabaki midomoni, basi akachukua mali ya kampuni badala ya pesa zake. Kabla yake bonde lile lilikuwa maficho ya wezi wa ng'ombe, kwa sababu mawe yale yanaficha kundi zima na mpita njia asione hata mkia. Yeye akageuza maficho kuwa makazi. Mwaka 1918 akaoa mwanamke wa mjini, Frances Lawton, akamleta kwenye ukame ule. Baba, nilisimama mlangoni pa nyumba yao nikamfikiria huyo mama siku yake ya kwanza. Hakuna jirani, maji ni ya kubembeleza, kiangazi moto, usiku wa majira ya baridi barafu. Walizaa watoto, wengine wakafa wangali wadogo na kuzikwa hapohapo. Alikaa hadi alipokufa mwaka 1963. Watu wengi wakisimulia habari za ranchi ile humsifu mume. Mimi namsifu mke.

Sasa nikupeleke uani, maana huko ndiko nilikokuona wewe.

Nilipopita kona ya banda nilisimama ghafla, mtu wa nyuma yangu akanigonga. Mbele yangu palikuwa na uwanja mzima wa vyuma: mabomba, magurudumu, mabati, majembe ya kukokotwa na wanyama, magari yasiyo na injini na injini zisizo na magari, vipuri vya mashine za mgodini, vyote vimekaa kwa safu. Kwa safu, Baba! Sikuweza kujizuia, nikasema kwa Kiswahili, "Mzee amehamia huku." Wenzangu wakauliza nimesema nini, nikashindwa kuwatafsiria.

Askari akaeleza siri yake. Jangwani kila aliyeshindwa aliondoka na kile alichoweza kubeba tu. Wachimbaji walikuja na mashine, dhahabu ikagoma, wakaenda zao. Wengine walichukua mashamba ya bure ya serikali, mvua ikawanyima, nao wakaenda. Keys alifuata nyuma akikusanya. Jirani akihitaji bomba, nati au gurudumu, duka la karibu lilikuwa mbali sana, lakini uwanja wa Keys ulikuwa pale. Hata mtambo wake wa kuponda mawe ya dhahabu aliuunda upya kwa vifaa alivyovitoa kwingine, na wachimbaji wadogo wakawa wanamletea mawe yao. Kila chuma pale kilikuwa kinangoja kazi yake ya pili. Nikakumbuka ukimwambia Mama, "Kitafaa tu," naye akijibu, "Lini?"

Wakati watu wengi walipohamia jangwani, miaka ya 1930, pale ranchini palikuwa na shule pia, na kijengo chake bado kimesimama. Bustani ya miti ya matunda ilinyweshwa kwa maji ya mvua waliyoyazuia kati ya majabali. Tulikwenda baadaye kuona bwawa jingine lililo karibu, Barker Dam. Ukuta wake wa kwanza ulijengwa na wafuga ng'ombe karibu mwaka 1900. Keys na familia yake wakauongeza kimo mwaka 1949 na 1950, kisha wakaandika majina yao kwenye saruji. Siku tuliyofika maji yalikuwa machache, lakini matope ya pembeni yalijaa nyayo. Ng'ombe hawapo tena. Sasa wanaokunywa ni kondoo wa mwituni wenye pembe zilizojikunja, na ndege.

Usidhani nakuchorea mtakatifu. Mwaka 1943 aligombana na jirani yake, Worth Bagley, kuhusu barabara iliyopita kwenye ardhi ya huyo jirani. Wakakutana wakiwa na silaha, Bagley akafa. Keys alisema alijitetea. Mahakama ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa gereza la San Quentin, akatoka mwaka 1948. Msamaha kamili ukaja mwaka 1956, baada ya kesi yake kuchunguzwa upya na watu walioamini alionewa. Alipotoka alichonga jiwe mahali pale alipoanguka mwenzake, akaandika jina la marehemu, jina lake mwenyewe na tarehe. Majigambo au kumbukumbu? Nimelifikiria jiwe hilo njia nzima ya kurudi na sina jibu. Wewe umeishi na majirani miaka mingi kuliko mimi, labda utanijibu.

Alirudi kutoka gerezani na umri wa karibu miaka 70, akaendelea kujenga. Huo ukuta wa bwawa niliokutajia ni wa baada ya kifungo.

Lakini nchi yenyewe ilikuwa imeshaanza kumbadilikia. Mwaka 1936 serikali ilitangaza eneo lote kuwa la kuhifadhiwa, na mwaka 1994 likapandishwa daraja kuwa hifadhi ya taifa. Palipokuwa na watu wa kuchimba na kufuga, wakaja watu wa kutazama kama sisi, na chupa zetu za maji na simu mkononi. Mzee alipokufa akazikwa kando ya mkewe, na uwanja ukanyamaza. Mbao zimekauka hadi zimekuwa na rangi ya fedha. Kutu imeenea lakini haijala, kwa sababu hewa ni kavu. Chuma ambacho pwani kingekuwa unga, kule bado ukikigonga kinalia. Sikukigonga mimi, aligonga askari. Sisi tulikatazwa kugusa, maana takataka ya miaka 50 kwenda juu inahesabiwa kuwa mali ya historia. Mwambie Mama hilo, neno kwa neno.

Kilichonitia simanzi si kutu. Ni nyasi. Nilidhani zile nyasi fupi kati ya miti ni za hapo, nikazipiga picha kwa uzuri wake. Kumbe ni ngeni, zilikuja na watu na mifugo. Zamani kati ya mti na mti palikuwa na udongo mtupu, na moto ukiwaka ulikufa hapohapo. Sasa nyasi zikikauka zinaupitisha moto kutoka mti hadi mti, na mti wa Joshua ukiungua ni nadra kuinuka tena. Ranchi imesimama, ila jangwa linaloizunguka ndilo linalobadilika.

Sasa ile sababu ya kumshukuru askari. Mwishoni nilibaki nyuma kidogo, nikatazama chuma kimoja chenye meno kama ya msumeno mnene, nikajaribu kukisia kazi yake. Nikashindwa. Nikamwita, akanieleza moja kwa moja: kilitoka kwenye mashine gani, kilifanya nini. Nikauliza amejuaje. Akasema watoto wa Keys walipokuwa watu wazima walikaa na watu wa hifadhi wakasimulia. Nikaelekeza kidole kwenye kingine, pembeni yake. Akakitazama sana, akatikisa kichwa. "Hicho hakuna aliyeuliza."

Basi ombi langu, Baba. Mnunuzi aambiwe asubiri. Sisemi visiuzwe kabisa. Mama naye ana haki ya uwanja wake, na najua nyoka waliwahi kuonekana humo. Nasema tu kwamba mdogo wangu akae nawe jioni mbili tatu na daftari. Wewe onyesha, yeye aandike: hiki kilitoka wapi, nani alikileta, kilifanya kazi gani. Kila kimoja apige picha anitumie. Vikishaandikwa, uamuzi ni wako na Mama, nami sitafungua mdomo.

Na muanze na lile gurudumu zito lenye tundu la mraba katikati, lililoegemezwa ukutani tangu nikiwa mdogo. Nimelirukia, nimelikalia, nimejikata nalo goti. Lilikuwa la nini?

Mwanao akupendaye.