Fomu iligoma kwa sababu ya alfabeti

Mhariri,

Nina steshenari ndogo karibu na stendi ya Kondoa: kompyuta tatu, printa moja. Msimu wa maombi ukifika, kazi yangu kubwa ni kuwajazia vijana fomu mtandaoni. Mwaka jana, siku ya mwisho ya kuomba, alikuja binti na mama yake, wametoka kijijini kwa bodaboda, vyeti vimo kwenye bahasha ya kaki. Nikafungua tovuti ya ofisi husika, ambayo sitaitaja. Ukurasa ukaja mweupe pe. Hakuna fomu, hakuna hata neno la kosa. Tukalaumu mtandao, nikaongeza bando. Mweupe vilevile. Saa sita usiku muda ukaisha.

Kesho yake nikapiga simu. Kijana aliyepokea akaniambia, "Mzee, nunua kompyuta ya kisasa."

Mpwa wangu anasomea mambo hayo. Alipokuja likizo akabonyeza kitufe cha F12, kinachofungua orodha ya makosa ya ukurasa, akanionyesha mstari mwekundu. Kompyuta zangu zina Windows 7, na Chrome, kivinjari ninachofungulia tovuti, ya mwisho kuikubali Windows 7 ni toleo la 109, la Januari 2023. Aliyetengeneza tovuti alitumia amri iitwayo toSorted, ambayo Chrome iliijua kuanzia toleo la 110. Nimepitwa kwa toleo moja! Na amri yenyewe ilikuwa ya kazi gani? Kupanga majina ya wilaya kialfabeti. Wilaya hizo mtu angezipanga kwa mkono mara moja, akaenda kunywa chai.

Mpwa akaniwekea kivinjari kingine, Firefox 115, ambayo inaingia kwenye Windows 7 na amri ile inaijua. Ukurasa ukafunguka, na tangazo la kwamba maombi yamefungwa.

Sibishi kwamba kivinjari cha zamani ni mlango usio na komeo. Mambo ya benki sifanyii humo. Wala simtaki mtu ahangaike na Internet Explorer 11, ambayo Microsoft wenyewe waliistaafisha Juni 2022. Ila duka la viatu likinigomea mtandaoni, naenda sokoni. Fomu ya maombi haina soko lingine.

Mpwa anasema zipo programu kama core-js za kukifundisha kivinjari cha zamani amri kisizozijua, na kwamba fomu ya kawaida, ya visanduku na kitufe cha kutuma, haihitaji mbwembwe hizo hata kidogo. Wakishindwa yote, basi waandike kwa Kiswahili: "Kivinjari chako ni cha zamani, tumia kingine." Jirani yangu ana kompyuta mpya, hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu. Ningewapeleka usiku uleule.

Anayetengeneza tovuti ya umma akipita Kondoa, kompyuta yangu ya pembeni bado ina Chrome 109, nimeiacha makusudi. Aje aijaribie kazi yake hapo. Sitamtoza.

Mwenye steshenari,
Kondoa, Dodoma